Kumtembeza Mgeni wa Meli Lamu: Anzeni na Maji

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutembeza wageni, mtaulizwa mara nyingi na wale wa siku moja, ambao meli yao imetia nanga asubuhi na itang'oa jioni, kwamba Lamu kuna nini cha kuona. Anayeanza hutaja kila kitu kwa pumzi moja: ngome, makumbusho, punda, Shela, Takwa, Matondoni. Nami nilifanya hivyo kwa miaka miwili ya mwanzo, mpaka nilipoelewa kwamba siku ya mgeni wa namna hii hupangwa kwa maji kujaa na kupwa, na orodha ya mahali huja baadaye.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri kwenye saa kumi au saa kumi na moja, na ikifika saa nne au saa tano asubuhi huwa yamekupwa kabisa. Kila siku majira hayo huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja, katika siku za maji mafu, maji hujaa katikati ya asubuhi, ingawa hayapandi sana. Mgeni akishuka asubuhi ya bamvua, mwanzisheni mjini, na mumshike mkono gatini, kwa sababu ngazi za chini huwa zimeachwa wazi na zinateleza kwa ukoga. Takwa isubiri alasiri.

Hilo la Takwa nalisema kwa sababu lilinifika. Magofu hayo yako kisiwani Manda, na mashua huyafikia kwa kupita katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambao maji yakikupwa hubaki tope tupu. Nilikuwa na wageni saba, nikanogewa na maneno mbele ya msikiti wa kale wenye nguzo juu ya kibla, nikaeleza jinsi watu wa Takwa walivyohamia Shela, na nahodha akaniita mara mbili nisisikie. Tuliporudi, mashua ilikuwa imekaa chini, na kila pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, lilipochomekwa lilizama badala ya kusukuma. Wageni walivua viatu wakatembea topeni hadi magotini, na bibi mmoja alibebwa mgongoni na baharia. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimewasimulia, tena kwa mbwembwe, Vita vya Shela vya mwaka 1812 hivi, ambapo wazee husema kwamba majeshi ya Pate na Mombasa yaliyokuja kuipiga Lamu yalishindwa kukimbia kwa kuwa vyombo vyao vilikwama maji yalipokupwa. Mgeni mmoja alinikumbusha kisa hicho njia nzima hadi gatini, na sikuwa na la kumjibu.

Mjini, msijaribu kuonyesha mengi. Kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, mgeni amekwisha kulisoma melini. Ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821, mwonyesheni kutoka uwanja wa Mkunguni, mwambieni kwamba ilikuwa jela hadi 1984, kisha pandeni juu mara moja kutazama mapaa. Muda mwingi uwekeni katika nyumba moja ya mawe, na Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili yanatosha. Mketisheni kwanza kwenye daka, mahali mwenye nyumba alipopokea wageni bila kuwaingiza ndani. Mpitisheni mlangoni na mwacheni aone mwenyewe kwamba njia imepindwa makusudi ili mpita njia asiwaone wenyeji. Ndani, mwambieni ahesabu hatua za upana wa chumba: zitakuwa chache, na urefu wa chumba utakuwa mara nyingi zaidi, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya urefu wake. Nimeona wageni waliochoshwa na magofu ya nchi kumi wakiinua vichwa kutazama boriti hizo na kuanza kuuliza maswali ya kweli. Baada ya hapo zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, hujieleza zenyewe.

Katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wafundisheni neno moja tu, "simile", yaani "nipisheni", kabla punda mwenye mzigo wa matumbawe hajawafundisha kwa njia yake. Wafunike mabega na magoti, na wasipige picha ya mtu bila kumwomba. Meli ikija Ijumaa, maliza mjini kabla ya adhuhuri, maana maduka mengi hufungwa kwa sala.

Shela, kijiji cha ufukweni, ni umbali wa kilomita tatu hivi kutoka mjini, na kwa boti ni muda mfupi. Wengi watataka kuogelea tu, na waacheni. Hata hivyo waelezeni kwamba vilima vile vya mchanga ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua yanayolisha visima vya mji, kwa hiyo mchanga wanaoukanyaga ni tangi letu la maji. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, bahari iliyo nje ya mlango wa bahari huchafuka. Msikubali kumzungusha mgeni huko kwa sababu tu amelipa.

Mwisho ni suala la saa. Nahodha wetu akiambiwa saa kumi, anajua ni alasiri. Ofisa wa meli akisema kumi kwa lugha yake, ana maana ya saa nne yetu. Andikeni saa ya kurudi kwenye karatasi kwa namna zote mbili, mumpe nahodha na mgeni mmoja mwenye utulivu, kisha muwe gatini nusu saa kabla. Nusu saa hiyo haipotei, kwa kuwa muuza kahawa hupita na dele lake, birika la kahawa, wakati huo, na wageni wengi hufurahia kikombe hicho kidogo kuliko chakula cha mchana walichoagiziwa.