Wadada mnaochora vibonzo, ukutani ni habari nyingine kabisa

Wadada wenzangu mnaochora vibonzo na mnawaza kufanya maonyesho, nimekuwa kwenye hii kazi miaka sasa na kila anayeniomba ushauri namuanzia hapa hapa: kibonzo cha kwenye simu na kibonzo cha ukutani ni vitu viwili, hata kama mchoro ni ule ule. Kwenye simu mtu yuko peke yake, kajilaza, kidole kiko tayari kusogeza mbele, akicheka anacheka kimoyomoyo anakutumia emoji ya machozi basi imeisha. Ukutani mtu kasimama, kabeba begi, pembeni ana watu asiowajua, na kabla hajacheka anaangalia kwanza kama na wengine wanacheka. Kwahiyo kichekesho kimfikie kwa macho, mapema, kabla hajasogea kusoma maneno.

Kipimo changu ni hiki. Naziba maneno yote kwa vipande vya karatasi, nampa mtu mchoro, alafu nakaa kimya. Simuelezei chochote. Naangalia uso wake tu, maana nyusi zinaongea kabla ya mdomo. Akitabasamu, au hata akikunja uso kwa kutaka kujua kulikoni, huo mchoro una nafasi ukutani. Akikodoa macho tu ujue kichekesho chote kimekaa kwenye maneno na mchoro umewekwa kama pambo. Hicho bado kinaweza kuwa kibonzo kizuri cha gazeti au cha kuposti, sikidharau kabisa, ila ukutani kitapitwa.

Sasa kwenye kuchora kwenyewe, kitu ninachokipa muda mrefu kuliko vyote ni nani yuko upande gani. Msomaji wetu jicho lake linatoka kushoto linaenda kulia, hata kwenye picha isiyo na neno hata moja. Chukua mfano huu: mama yuko mezani anaongea na bosi wake kwenye simu kwa adabu zote, na mtoto kachora ukuta mzima kwa lipstiki. Ukimuweka mama kushoto na mtoto kulia, tunamuona mama katulia alafu tunakutana na balaa, kwahiyo tunacheka kwasababu tunajua kitu ambacho yeye hajakijua. Ukigeuza, mtoto na ukuta wake vije kwanza alafu ndo tumkute mama katulia tuli na simu yake, kichekesho kinahama, kinakuwa ule utulivu, kwamba huyu ameona kila kitu na ameamua simu iishe kwanza. Wahusika ni wale wale, lipstiki ile ile, ila kwenye mchoro wa kwanza mama ndo anachekwa na kwenye wa pili tunacheka pamoja naye. Mi nachagua wa pili karibu kila mara, kwasababu wanawake kwenye vibonzo tumechekwa vya kutosha, kelele zetu, uendeshaji wetu wa magari, miili yetu, na mchoraji mwanamke akishika kalamu ana nafasi ya kumpa huyo mama akili na maamuzi bila kupunguza kicheko hata kidogo.

Mwili pia. Wanaoanza wanahangaika na mdomo, mdomo uko wazi, meno yote nje, wakati mabega na mikono ndo inasema ukweli. Claire Bretécher wa Ufaransa kuanzia mwaka 1973 alikuwa anachora kwenye jarida la Le Nouvel Observateur watu wamekaa tu kwenye makochi wanaongea, kisanduku baada ya kisanduku, na karibu hakuna kinachobadilika zaidi ya mtu kuzidi kuzama kwenye kiti au kubadilisha mkono wa kushikia kichwa. Kicheko kimekaa humo humo kwenye kuzama. Chora bega moja mara nyingi, limeshuka, limepanda, limekata tamaa, uone lilivyo na maneno. Na ukimaliza mchoro tafuta kitu kimoja cha kufuta, labda maua ya mezani au saa ya ukutani au mtu wa tatu asiye na kazi, kwasababu kila kinachobaki kwenye karatasi kinamla mtazamaji muda wake.

Wazo linatoka wapi, hili naulizwa sana. Langu mara nyingi linatoka kwenye hasira. Kitu kimeniudhi, mtu kanikatiza maneno kwenye kikao alafu karudia wazo langu kwa sauti nzito likapigiwa makofi, naandika kwenye kidaftari siku hiyo hiyo ila sichori. Naacha. Ukichora na moto unatoka na lawama, na lawama mtu akisimama mbele yake anaanza kujitetea moyoni badala ya kucheka. Ikishapoa naanza kuona na ule upande mwingine, labda aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa hajasikia lolote, na hapo ndo kibonzo kilipo.

Na watu wako wa karibu je? Mume, mama mkwe, watoto, majirani? Kanuni yangu ni kwamba nabadilisha umri, kazi na umbo mpaka mwenyewe akipita mbele ya picha asijitambue, na kama kichekesho hakisimami bila yeye kutambulika basi namuomba ruhusa, akikataa kinabaki kwenye daftari. Kwa watoto hapo nimekaza zaidi, mtoto hana namna ya kukubali kitu ambacho atakutana nacho akiwa mkubwa.

Kuna neno mtaambiwa, kwamba hizi ni "mada za kike", nyumbani, watoto, nywele, kuzeeka kwa wazazi. Msitikisike. Roz Chast, mchoraji wa Marekani, alianza kutoka kwenye jarida la The New Yorker mwaka 1978 na mistari yake inayotetemeka, akawa anachora wasiwasi wa ndani ya nyumba, wazazi, makabati, makochi, na mpaka leo watu wa kila jinsia wanajiona humo. Shida haikuwa mada, shida ilikuwa mlango. Tuzo ya Pulitzer ya kule Marekani, ile ya vibonzo vya magazeti, imeanza mwaka 1922, mwanamke wa kwanza kuipata ni Signe Wilkinson, mwaka 1992, miaka 70 baadae! Mwaka 2016 tamasha kubwa la katuni la Angoulême kule Ufaransa lilitoa orodha ya majina 30 ya kuwania tuzo yake kuu na hakukuwa na mwanamke hata mmoja, mpaka baadhi ya wachoraji wanaume waliokuwemo wakaomba majina yao yatolewe. Baada ya zile kelele tuzo hiyo imeshachukuliwa na wanawake kama Rumiko Takahashi mwaka 2019, Julie Doucet 2022 na Posy Simmonds 2024, na hao wote walikuwa wanachora miaka mingi kabla ya 2016, kazi zao zilikuwepo zinaonekana. Ndo maana nawaambia pelekeni maombi, jina lako liwe mezani kwao, na mkikataliwa jikusanyeni wanne watano mtafute ukuta wenu wenyewe, maonyesho ya pamoja yanapunguza gharama na yanaleta watu wa kila mmoja wenu kwenye chumba kimoja.

Vifaa nitapita haraka ila kuna vitu vya lazima. Kalamu nyingi za rangi za kawaida zinapauka zikikaa kwenye mwanga, tumia wino wa pigimenti, yaani wa chembechembe za rangi, usioyeyuka kwa maji. Makumbusho mengi yanaweka michoro ya karatasi kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), sasa wewe usije ukakubali kutundikiwa kazi mkabala na dirisha la jua. Kadibodi ya nyuma na ya kuzungushia picha iwe isiyo na asidi, la sivyo karatasi itageuka njano. Skani kila kitu kabla ya kuweka fremu, michoro ya mistari skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Anayechora kwenye tableti atoe printi nzuri, chache, azisaini kwa penseli na kuzipa namba, mfano 4/25, yaani ya nne kati ya 25, na zikiisha hizo 25 ziwe zimeisha kweli.

Ila anayechora kwa mkono nina ombi: usifiche masahihisho. Ile rangi nyeupe uliyofunikia kosa, mistari ya penseli ya bluu iliyobaki chini ya wino, acha. Nimewaona watu wakicheka wakiwa mbali kidogo, alafu wanasogea mpaka pua inakaribia kioo wanatafuta pale kidole kilipobadilishwa. Hicho kitu simu haiwezi kuwapa.

Kutundika sasa. Kwa kawaida katikati ya picha inakaa kama sentimita 145 mpaka 155 toka sakafuni, mi vibonzo navishusha kwenye hiyo ya chini, kuna maneno ya kusoma na kuna watoto na watu wa kwenye viti vya magurudumu. Maneno ya chini ya kibonzo yasomeke bila mtu kuinama. Lebo weka pembeni, na tafadhali jina la mchoro lisitoboe siri! Mtu anasoma lebo kwanza kuliko unavyodhani, ukiandika "Mtoto na lipstiki" umeshamaliza kichekesho kabla hajainua macho, andika "Simu ya bosi" tu.

Mlangoni weka kinachochekesha kirahisi, kile hata mtu mwenye aibu atacheka, kwasababu kicheko cha kwanza kwenye chumba kinawapa wengine ruhusa. Usipange viwili vikali vikafuatana, mtu bado anacheka cha kwanza cha pili anakipita, weka cha kimya katikati apumue. Na usijaze ukuta. Ishirini zinatosha kabisa, watu wanachoka kucheka mapema kuliko wanavyochoka kuangalia mandhari.

Siku ya ufunguzi kuwepo lakini usisimame mbele ya picha zako, watu hawacheki kwa uhuru mwenye nazo akiwa anawaangalia usoni. Simama mbali kidogo usikilize. Mtu atauliza nani kachora, mwingine atadhani umemsindikiza mchoraji, jibu kwa sauti kamili "mimi ndo mchoraji" na umuulize amependa ipi. Mwingine atakuuliza kama huyo mume wa kwenye picha ni mume wako, jibu liwe tayari: huyo ni mhusika, nimemtunga.

Mkataba uandikwe hata kama galeri ni ya rafiki. Galeri nyingi zinachukua asilimia ya mauzo na inaweza kufika hata nusu, kwahiyo mjue mapema ni ngapi, nani analipia fremu na usafiri, kazi ikiharibika hasara ni ya nani, na hela unalipwa baada ya muda gani. Kuuza mchoro hakumaanishi umeuza hakimiliki, isipokuwa umesaini kwamba unaitoa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwenye nchi zilizojiunga nao unailinda kazi yako tangu unapoichora bila kulazimika kuisajili popote, kwahiyo aliyenunua karatasi atundike sebuleni kwake, akitaka kuiweka kwenye fulana mje mzungumze upya. Watu watapiga picha, waache, ila saini yako ikae ndani ya mchoro karibu na mhusika, sio pembeni ambako mtu anaikata kwa sekunde moja.

Na kitu cha mwisho kuhusu mauzo ambacho nimekiona kwenye maonyesho yangu na ya wenzangu: kinachochekesha chumba kizima mara nyingi sio kinachonunuliwa. Watu wanakipiga picha, wanamuita mwenzao aje aone, wanaondoka. Anayenunua ni yule aliyesimama muda mrefu mbele ya kile cha kimya kwasababu kajiona humo, au kamuona mama yake. Kwahiyo ukifika kwenye kupunguza idadi usianze na hivyo vya kimya, vipe ukuta wenye nafasi ya mtu kusimama bila kusukumwa na wanaopita, na bei yake isiwe chini ya vile vingine.