Maswali ya Wasomaji: SAP ilianzaje bila kompyuta yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, tuko vijana watatu, tumemaliza chuo hapa Dodoma. Kiwanda kidogo cha kusindika zabibu kimetuomba programu ya mishahara na stoo. Mtaji wetu ni laptopu mbili, seva hatuna. Tumesikia SAP, kampuni kubwa ya programu za biashara, nayo ilianza bila kompyuta. Ni kweli? Walifanyaje kazi?
— Vijana wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ni kweli. SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani: Hopp, Plattner, Hector, Tschira na Wellenreuther. Kompyuta yao wenyewe, Siemens 7738, waliipata mwaka 1979. Kabla ya hapo walitumia mashine za wateja, mara nyingi usiku na mwisho wa wiki, wenye mashine wakiwa hawazihitaji. Mteja wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha ICI, kampuni ya kemikali ya Uingereza, mjini Östringen, Ujerumani.

Kukaa kiwandani kuliwafaa kuliko kuwa na mashine. Enzi hizo kumbukumbu zilitobolewa kwenye kadi za karatasi za safu 80, zikakusanywa, zikaingizwa kwa mkupuo, majibu yakatoka baada ya saa nyingi. Tarakimu moja ikikosewa, kadi inatobolewa upya na kusubiri kunaanza tena. SAP waliweka skrini mbele ya karani: anaandika, programu inakagua papo hapo, kosa anarekebisha yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza ulipoisha walikuwa watu tisa, mapato marki 620,000 za Ujerumani.

Lakini kilichowatofautisha na mafundi wengine wa kuandika programu ni kwamba walilenga programu moja itakayofaa viwanda vingi. Hapo ndipo tunawaomba mtulie. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mkubaliane na kiwanda kwa maandishi kwamba data ni yao, programu ni yenu, na mna ruhusa ya kumuuzia mwingine. Tena, viwango msivizike ndani ya programu. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023. Aliyeiandika ndani ya fomula alilazimika kufungua programu ya kila mteja. Iwekeni kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza kutumika, pamoja na madaraja ya PAYE (kodi ya mshahara) na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Bila tarehe hiyo, mkichapa upya hati ya mshahara wa mwaka juzi itatoka na kiwango cha leo.

Mkitumia kompyuta ya kiwanda jioni, msijaribie kwenye data halisi. Tengenezeni nakala, badilisheni majina na namba za akaunti za benki, mfanyie kazi humo. Nakala ya akiba ijaribiwe kwa kuirejesha kwenye laptopu. Faili lisilofunguka siku ya msiba si akiba.

Mwisho, mhasibu aendelee na utaratibu wake wa zamani sambamba na programu yenu kwa miezi miwili. Tofauti ya senti chache kwa mfanyakazi kwa kawaida ni kukadiria hadi namba kamili ya karibu: mmoja anakadiria kila makato, mwingine jumla tu. Tofauti ya maelfu mara nyingi inatoka kwa walioajiriwa au kuacha kazi katikati ya mwezi, kwa hiyo anzeni kukagua majina hayo.