Weka kipanya pembeni kwanza

Ndugu, umeuliza uanzie wapi ili wasioona waweze kutumia tovuti yako, na kama programu-jalizi ya kubandika tu itatosha. Haitoshi; msimbo mbovu hubaki mbovu. Wengi wasioona hutumia kibodi, si kipanya; basi weka kipanya pembeni, uzunguke tovuti nzima kwa kitufe cha Tab. Ukikwama kwenye menyu, au usipoona umefika wapi, anza kurekebisha hapo. Kila kisanduku cha fomu kiwe na lebo yake, maana yale maandishi hafifu ya ndani hutoweka mtu akianza kuandika. Picha yenye ujumbe ipe maelezo kwenye alt (sehemu ya msimbo wa picha inayobeba maelezo yake); ya pambo, acha alt tupu (usifute alt yenyewe, kisomaji skrini, yaani programu inayosoma skrini kwa sauti, kinaweza kutamka jina la faili!). Rangi, kwa wenye uoni hafifu: WCAG (mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote) inataka utofautiano wa mwangaza wa angalau 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Kijivu juu ya nyeupe, mimi nimeshakichoka.