Jibu: Helmeti ya baiskeli haikai juu ya misuko, je, ninyoe?

Habari dada. Umesema twende kilioni, misuko inayokusanywa utosini, inainua helmeti mpaka paji la uso linabaki wazi, na kunyoa unaogopa kuambiwa umekuwa kama mwanamume.

Kwanza ondoa fundo la utosini, ndilo tatizo. Suka mistari myembamba ya kulala, irudi nyuma, mikia uifunge shingoni chini ya mkanda wa nyuma wa helmeti, wenye gurudumu dogo la kukazia. Shanga usiweke kabisa, zinakandamiza ngozi na kichwa kitakuuma njiani. Ukingo wa mbele wa helmeti uwe vidole viwili juu ya nyusi. Tikisa kichwa kabla ya kufunga kamba. Ikicheza, kaza gurudumu hilo la mkanda.

Ukinyoa, pima kichwa upya kwa tepu ya fundi cherehani, maana helmeti iliyotosha na misuko itapwaya. Jasho nalo litashuka moja kwa moja machoni, hivyo vaa kitambaa chembamba cha pamba ndani.

Kuhusu maneno, huku kwetu nywele fupi huwakumbusha wengi mwanafunzi au mfiwa, ndiyo maana wanauliza. Si kosa lako hata kidogo. Mwambie kinyozi atumie namba 2, kama milimita 6, achonge ukingo wa nywele vizuri, kisha vaa hereni za kubana zisizonaswa na kamba.