Mumeo kauliza swali, wewe umesikia wivu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, nina miaka 34, nafundisha Historia na Kiswahili. Mume wangu ni kidato cha nne, ana duka la vifaa vya ujenzi. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa Historia Dar es Salaam, ndoto yangu niwe mhadhiri. Shahada ya kwanza nilipata GPA (wastani wa alama) ya 3.4 kati ya 5, si mbaya. Yeye kila siku ananiuliza nikimaliza nitafanya nini. Eti kuna mama mteja wake wa mabati, anafanya kazi ya kutafsiri huko Arusha, kamwambia kazi hiyo ina hela, basi anataka nisome tafsiri. Mtu wa kidato cha nne anichagulie shahada! Naona anaogopa nitamzidi. Mkopo wa benki nimeshachukua, sijamwambia, nakwepa maneno. Nifanyeje na mume mwenye wivu wa elimu? — Msomi Mtarajiwa*

Marahaba, mwalimu. Pole kwa kelele za nyumbani. Pole yangu imeishia hapo.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na wewe hii umeivuta hadi ngozi inataka kuchanika. Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta huyo mume mwenye wivu. Nimemkuta mwanamume anayeuza mabati, na katikati ya kuhesabu misumari akamuuliza mteja habari za masomo ya mkewe. Mwenye wivu angefanya hivyo? Mwenye wivu angekwambia watoto watalelewa na nani, mama mgonjwa, hela hakuna. Huyu kauliza swali moja tu, nawe badala ya kumjibu umemtajia kidato chake.

Tena swali lenyewe ni zuri kuliko mipango yako. Unataka uhadhiri. Mwalimu wangu, vyuo vikuu vya umma vikiajiri wahadhiri wasaidizi kwenye masomo kama yako hutaka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya pili. Umesikia? Ya kwanza! Hata ukirudi na 4.5 ya uzamili, ile 3.4 itakuwa imekaa palepale kwenye cheti. Shahada ya pili haifuti ya kwanza. Hilo ungelijua kwa kusoma tangazo moja la Sekretarieti ya Ajira, wale wanaotangaza kazi za serikali, kabla ya kwenda benki.

Historia yenyewe siidharau, na anayeidharau asije kwangu. Dar ndiko alikofundisha mwanahistoria Walter Rodney, na mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, kwa hiyo mwalimu aliyebobea anahitajika. Kama unataka uzamili ili uwe mwalimu bora, sema hivyo, mumeo ajue mnalipia nini. Lakini usidhani ukirudi na cheti mshahara utapanda wenyewe. Nenda kwa mwajiri wako, uliza kama kozi hiyo imo katika mpango wa mafunzo, upate ruhusa ya masomo kwa maandishi. Mwalimu anayeondoka bila karatasi anaitwa mtoro, hata kama yuko maktaba.

Haya, na huyo mama wa Arusha. Hakusema upuuzi. Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwaka 2019, kikawa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika na lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu 2021 sheria yetu inataka mahakama zitumie Kiswahili. Yote hayo ni makaratasi ya kutafsiri. Chuo Kikuu cha Nairobi wana uzamili wa ukalimani na tafsiri. Ila na mumeo naye asidanganyike: mfasiri anakula kwa lugha mbili, na barua uliyonitumia, kabla sijaisafisha, ilikuwa na Kiingereza kilichovunjika kila mstari. Hicho kinyooshe kwanza. Ukiongeza Kifaransa, hapo tutaongea. Au kama moyo umeng'ang'ania Historia, jifunze Kijerumani. Majalada ya enzi za Wajerumani yamejaa Nyaraka za Taifa, na wanaoweza kuyasoma ni wachache.

Sasa mkopo. Hapa ndipo ulipotaka nipite haraka.

Ndoa za siku hizi zimenishinda. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na namba yake ya siri ya simu, namba yake ya siri ya benki, na kikoba chake ambacho mwenzake hakijui. Zamani mama zetu walificha hela kwenye kanga, lakini walificha akiba! Ninyi mnaficha madeni. Halafu mnasema mwenzangu hanielewi. Atakuelewaje, na yeye anaishi kwenye nyumba ambayo nusu yake haijui? Mficha uchi hazai, mwalimu. Kama Bodi ya Mikopo ya wanafunzi bado inakukata asilimia 15, na benki nayo inakata, huenda theluthi tu ya mshahara ikabaki mkononi. Duka la huyo wa kidato cha nne ndilo litakalolisha watoto wakati wewe unaandika tasnifu. Hilo hukuliandika.

Leo akifunga duka, mpe maji ya kuoga, mpe chakula, kisha mwekee karatasi ya benki mezani. Mwambie ulikosea. Atakasirika, na ana haki. Usimjibu kwa kumtajia madarasa. Kama hela bado ipo, waulize benki kuirudisha kunagharimu kiasi gani. Nafasi ya chuo, omba kuahirisha mwaka mmoja kama wanaruhusu.

Na yule mama wa mabati, muulize mumeo anarudi lini kuchukua misumari. Siku hiyo nenda dukani.