Unapiga hesabu za faiba ya masafa marefu? Usichukue wastani

Wadau, vijana wengi wanaoanza kazi ya kupanga laini za faiba wananiuliza watumie programu gani kupigia hesabu uwezo wa laini. Programu sio ishu, GNPy ya Telecom Infra Project ipo bure na iko vizuri tu, ishu ni namba unazoilisha.

Chukua njia ya kilomita 800, tuseme kama Dar hadi Mbeya hivi, spani 10 (spani ni kipande cha faiba kati ya amplifaya moja na nyingine) za kilomita 80 kila moja. Kwenye makaratasi faiba inapoteza 0.2 dB (desibeli, kipimo cha mwanga umepungua mara ngapi) kwa kilomita, kwa hiyo kila spani ni 16 dB, weka amplifaya zenye noizi figa (kelele ambazo amplifaya yenyewe inaongeza) ya 5 dB, kila chaneli, yaani kila rangi ya mwanga inayobeba data, iingie na miliwati 1, OSNR (signali imezidi kelele kwa kiasi gani) inakuja kama 27 dB, safi kabisa. Sasa nenda site. Greda la barabara limeshakata faiba mara kibao, kila ikikatwa mafundi wanaweka kipande na splaisi (viungo vya faiba) mbili, ongeza na konekta chafu kwenye ODF (fremu ya kuunganishia faiba kituoni), ukija kupima unakuta spani moja ina 22 dB. Wengi hapo wanachukua wastani, 16.6, wanaona wamepoteza 0.6 dB tu, maisha yaendelee. Hapana jamani! Kelele hazijumlishwi kwa dB. Amplifaya ikifidia ile 6 dB ya ziada, ambayo ni kama mara 4, spani hiyo moja inaleta kelele za spani 4, na ukipiga hesabu vizuri umepoteza kama 1.1 dB.

Kwa hiyo ingiza spani moja moja, kila moja na namba yake. OTDR (mashine inayotuma mwanga na kusoma unaorudi) ikuonyeshe ubovu uko wapi, ila hasara ya jumla pima kwa chanzo cha mwanga na pawa mita, tena pande zote mbili.

Halafu kuna hii tabia ya kuongeza pawa laini ikisumbua. Ni kama spika, ukiipandisha kupita kiasi inaanza kukoroma. Mwanga mwingi unabadilisha kioo chenyewe kidogo na chaneli zinaanza kuchafuana, na uchafu huo unapanda kwa kipeo cha 3 cha pawa. Modeli ya GN (Gaussian Noise, inayouhesabu uchafu huo kama kelele) inasema pale penye pawa nzuri kabisa kelele za amplifaya ni mara 2 ya uchafu huo. Ukitoka hapo ukazidisha pawa mara 2, ubora haupandi, unashuka kama 2.2 dB, yaani umelipia umeme zaidi ili laini iwe mbovu zaidi.

Mimi ripoti ya matengenezo ikiingia naangalia kwanza hasara mpya ya ile spani, naiweka kwenye faili la modeli, na kama fundi hajaiandika nampigia muda huohuo akiwa bado site na mashine yake.