Usihesabu hata saa moja kabla hujahakikisha msimamizi wako anatambulika

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kuwa wewe ni mwalimu unayetaka kuhamia kazi ya tiba ya kisaikolojia, na maswali yako manne sijayamaliza kuyasoma; nimekwama kwenye ile sentensi uliyoitupia katikati kama kitu kidogo: "Nimeshapata mzee mmoja mwenye uzoefu mkubwa, atanisimamia na kunisainia saa zangu, naanza wiki ijayo." Yaani zile saa za kuona wateja chini ya usimamizi zinazotakiwa kabla ya kusajiliwa.

Usianze wiki ijayo. Kwanza kiandikie chombo kinachosajili wataalamu wa tiba ya kisaikolojia kule unakotaka kufanya kazi. Taja jina kamili la huyo mzee, uliza kama anaruhusiwa kusimamia mtu wa ngazi yako, halafu subiri wakujibu kwa maandishi. Simu haitoshi. Na "mzee mwenyewe ameniambia yuko sawa" ndiyo haifai kabisa, maana hayo ndiyo maneno niliyoyaamini mimi.

Nimepoteza saa 1,140. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa najumlisha mwenyewe kila Ijumaa jioni kwa kalamu mbili, ya bluu kwa wateja, nyekundu kwa usimamizi. Daftari bado ninalo. Siku hizi linazuia mlango usijibamize.

Ilikuwa hivi. Nimemaliza shahada ya uzamili, kichwa kimejaa nadharia, kilichobaki ni saa za vitendo chini ya usimamizi. Nikampata mtu tuliyemwita Dokta. Udaktari alikuwa nao kweli, ila haukuwa wa fani hii. Ukuta mzima wa ofisi yake ulikuwa vyeti vya fremu, na mimi, mtu niliyefundishwa kusoma watu, nikaishia kusoma fremu. Nilipomuuliza kama ni msimamizi anayetambulika, alicheka kwa upole akaniambia, "Binti yangu, saa ni saa. Wewe hudumia watu, karatasi zitafuata." Nikaona aibu kwa kuuliza. Hebu fikiria, niliona aibu!

Kwa zaidi ya miaka miwili nikawa naona wateja wanne, mara nyingine watano kwa siku. Ada ya usimamizi namlipa kila mwezi bila kuchelewa. Usimamizi wenyewe ulikuwa anachungulia mlangoni: "Kesi zinaendaje?" Nami najibu, "Zinaenda, Dokta." Anasaini. Dakika tatu zimeandikwa saa moja. Na mimi sikuwa malaika, mteja asipotokea nilikuwa naandika saa yake kana kwamba nimezungumza na kiti. Kwa hiyo ukitaka kunicheka, cheka, nimeshajicheka kabla yako na mtaalamu wangu nikamlipa juu yake.

Siku ya kupeleka maombi, mhudumu wa dirishani hakufungua hata ukurasa wa pili wa daftari. Aliandika jina la Dokta kwenye kompyuta, akanitazama, akaandika tena. "Huyu hayumo." Kumbe usajili wake ulikwisha miaka mingi nyuma na hakuuhuisha, na hata alipokuwa amesajiliwa, sifa za kusimamia wengine hakuwa nazo. Barua ilikuja baadaye. Kwenye nafasi ya saa zilizokubaliwa palikuwa na sifuri. Nilipompelekea barua, Dokta aliisoma akiwa amesimama, akasema watu wa ofisi siku zote hawaelewi kazi yetu, kisha akaniuliza kama mwezi ule nimeshalipa. Mpaka leo nikikumbuka hilo swali sauti inanipanda, na kazi yangu ni kuwasaidia watu sauti zao zishuke.

Sasa kuna mdau hapo juu amekuandikia "anza tu mkuu, kwani Freud alisajiliwa na nani?" Ndugu mdau, Freud, baba wa saikoanalisia, ile tiba inayochimba utotoni, alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu kabla hajawa kitu kingine. Na mfano wako unakugeukia, kwa sababu mwanafunzi wake, Theodor Reik, alikuwa na shahada ya udaktari ya saikolojia lakini hakusomea utabibu, akashitakiwa Vienna kwa kutibu watu bila kuwa tabibu. Freud ilibidi aandike kitabu kizima mwaka 1926 kutetea watu wa aina yake. Kesi ikafa. Reik akaenda Marekani mwaka 1938, na wanasaikoanalisia wa New York wakamnyima uanachama kamili kwa sababu ileile ya utabibu. Yule alikuwa na Freud mwenyewe wa kumtetea. Wewe una nani, mzee wa fremu?

Na usidhani kanuni ni moja dunia nzima, hapo ndipo wengi wanapotegwa. Ujerumani sheria ya mwaka 1998 ililinda jina lenyewe, hujiiti mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia hivihivi tu. Uingereza jina hilo halilindwi na sheria, yeyote anaweza kulibandika mlangoni, kwa hiyo uzito wote uko kwenye vyama vya wataalamu. BACP, chama cha washauri na wataalamu wa tiba hii, kwa mfano, kinataka angalau saa 450 zenye usimamizi kabla ya kukupa ithibati, na usimamizi usiopungua saa moja na nusu kila mwezi. California wao wanadai saa 3,000 kwa wanaotafuta leseni ya tiba ya ndoa na familia, msimamizi naye lazima awe amekaa na leseni si chini ya miaka miwili, na saa ambazo umri wake umezidi miaka sita unapopeleka maombi hazihesabiwi. Kwa hiyo unaweza kuwa na saa halali kabisa zikaozea mkononi. Mtu aliyekusimulia habari za nchi moja anaweza kuwa mkweli na bado akakupoteza.

Kuna kitu kingine ambacho barua ile haikuandika. Nilipoanza upya, nilipewa msimamizi mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mpole, anayeuliza kidogo. Kikao cha kwanza akaniomba nimsimulie kikao kimoja tu, mwanzo hadi mwisho. Nikamweleza mteja mmoja aliyenyamaza karibu nusu ya muda. Akauliza, "Aliponyamaza, wewe ulifanya nini?" Nikataka kujibu kitaalamu, jibu likatoka lenyewe: nilitazama saa ya ukutani. Nilikuwa najumlisha. Yule mteja hakurudi tena, na kwenye daftari langu nilikuwa nimemwandika kwa bluu, saa kamili, kesi inaenda vizuri. Kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama lile. Saa 1,140 zinaniuma, lakini yule mtu aliyenyamaza mbele yangu ananiuma kwa namna nyingine, na hilo sitalimaliza hapa jukwaani.

Kwa hiyo hata huyo mzee wako akionekana kwenye usajili, muulize atasikilizaje kazi yako. Atasikia rekodi ambazo mteja ameridhia? Mtakaa muda gani, mara ngapi? Akikujibu "tutaona," ondoka na daftari lako. Na usaini mkataba unaotaja nani anasaini nini na lini, kwa sababu nimewaona wenzangu ambao msimamizi wao alikuwa halali kabisa lakini akahama bila kusaini miezi minane.

Maswali yako mengine. Ualimu si kizuizi, Anna Freud, binti yake Freud, alifundisha shule ya msingi kabla ya kazi hii, na Carl Rogers, mwanasaikolojia maarufu wa Marekani, alipitia masomo ya uchungaji kwanza. Kitakachokubana ni kama shahada yako inakubalika kuingilia kozi ya uzamili, na hilo waulize walewale utakaowaandikia kuhusu mzee. Kupata tiba wewe mwenyewe wakati wa mafunzo: pata, hata kama hawakulazimishi. Uliuliza pia kuhusu tiba ya utambuzi na tabia, inayoshughulika na fikra na mazoea ya sasa, dhidi ya ile inayochimba utotoni, ipi ina soko... hilo la soko sijui kwa nini watu wanaanzia hapo wakati hawajajua nani atawasainia.

Barua yako usiifanye ndefu. Jina lake kamili, namba yake ya usajili (akikataa kukupa namba, umeshajibiwa), kozi unayosoma, na swali moja. Itume leo, na huyo mzee mwambie unasubiri jibu. Wakikujibu, weka hapa walichoandika, ufiche majina, tukisome pamoja kabla hujafungua daftari.